Sentimita Tisini

3 Machi
Mto 1.38. Mawingu tu, mvua bado.

Nimenunua daftari la kurasa mia moja kwa sababu Mkuu wa kituo amepiga marufuku madaftari ofisini kuanzia leo. Namba ya mto, yaani kina chake kwa mita, inaingizwa moja kwa moja kwenye mfumo, basi, hakuna kuandika mara mbili. Mimi nimesoma nguzo ya kupimia maji pale darajani kila asubuhi saa moja kwa miaka thelathini na moja, na kila asubuhi nimeandika kwa kalamu kabla ya kuandika popote pengine. Mkono hauwezi kuacha tu kwa sababu kijana wa miaka thelathini na minne amesema. Hili ni daftari langu, nitaandika humu nipendavyo, hata ya nyumbani.

La nyumbani ni kwamba mama mkwe amehamia kwetu. Paa lake linavuja na mke wangu anasema ni kwa msimu huu wa mvua tu. Nikasema karibu Mama, nyumba ni yako. Nimevaa shati tangu asubuhi mpaka sasa, na joto lote hili.

4 Machi
Mto 1.38. Jioni mama mkwe kaniuliza, "Baba Mapacha, mto ngapi leo?" Nikamjibu. Akauliza, "Hiyo ya nguzo au ya mashine?" Nikamwambia ni ileile, Mama. Akaendelea kula.

7 Machi
Mto 1.45. Mvua ya kwanza, fupi.

Lazima nieleze, maana huenda mapacha wakija likizo watalisoma daftari hili. Bibi yenu alikuwa bosi wangu kabla hajawa mkwe wangu. Ndiye mtu wa kwanza katika ofisi yetu ya maji kuletewa kompyuta, na programu ya kuweka vipimo vya mto aliiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mstari kwa mstari. Alistaafu miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo hajaacha kusimulia. Kwamba mashine nzima ilikuwa na nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu yangu. Kwamba alikuwa anafuta neno hapa ili apate pa kuweka neno pale. Leo kasimulia wakati wa chai, kasimulia wakati wa chakula. Mke wangu alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza nisipige miayo.

Tena kauliza: ya nguzo au ya mashine? Nikasema ni moja, Mama.

11 Machi
Mto 1.72. Mvua usiku kucha.

Stoo ya ofisi inavuja na Mkuu anaitaka kwa ajili ya mabomba mapya. Kaniita. "Mzee, yale makorokoro yote yatoke leo. Mnunuzi wa chuma chakavu anakuja saa nane." Makorokoro yenyewe ni printa mbili, katoni ya disketi zilizoota ukungu, na ile kompyuta ya mama mkwe, yenye kioo kinene kama televisheni za zamani. Niliibeba mwenyewe hadi kwenye mkokoteni. Nzito hiyo! Nikasaini karatasi kwamba kituo hakiihitaji tena.

Nikamwuliza Mkuu kama si vizuri kubaki nayo, basi tu, kwa kumbukumbu. Kacheka, si kwa ubaya. "Mzee, data yote ilihamishwa zamani. Kilichobaki pale ni plastiki na vumbi. Hapa ni kituo cha maji, si makumbusho." Mgongo uliniuma.

12 Machi
Mto 1.80. Nilikosea kusema nyumbani kwamba mashine imeuzwa. Mama mkwe hakunisemesha mchana kutwa. Mke wangu kaninong'oneza, "Na wewe mdomo wako, si ungenyamaza tu?" Jioni hakuuliza mto ngapi.

16 Machi
Mto 1.96.

Jumapili. Tumekwenda kwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu anatengeneza redio na televisheni. Nyumba yake iko bondeni, vyumba vitatu na karakana ya mbele, hatua mia mbili kutoka mtoni. Amepaka rangi upya. Watoto wake wawili walinionyesha bustani ya nyanya.

Miaka sita iliyopita kabla hajanunua kile kiwanja alikuja ofisini kwangu. "Shemeji, pale panajengeka?" Nilimfungulia mfumo, nikamwonyesha mchoro wa mto wa miaka mingi. Mstari ule ulikuwa umeshuka vizuri kabisa. Wataalamu wa makao makuu walikuwa wameshaandika kwamba mto wetu unapungua. Nikamwambia jenga tu. Wengine nao walimfuata, na leo kuna nyumba kama sitini pale. Napenda kwenda kwake. Mtu akifuata ushauri wako na mambo yakamnyookea, unajiona na wewe una akili.

21 Machi
Mto 2.20. Mama mkwe ameanza kuongea nami. Ya nguzo au ya mashine? Ni moja, Mama.

28 Machi
Mto 2.61. Mvua siku ya tano mfululizo. Nguo hazikauki, nimevaa soksi mbichi.

2 Aprili
Mto 2.88. Mkuu ameshinda akiangalia mfumo. Una rangi tatu: kijani ni salama, njano ni tahadhari ikifika 4.00, nyekundu ni hatari ikifika 4.50. Tuko kijani, na kijani cha mbali. Kafurahi, kanunua karanga kwa watu wote.

5 Aprili
Mto 3.02. Mvua.

6 Aprili
Mto 3.10.

Leo nimeona kitu ambacho sikielewi. Pembeni ya daraja kuna ngazi za mawe za kuteremkia mtoni, za zamani kuliko mimi. Nilipoajiriwa, yule mzee aliyenifundisha kazi alinionyesha ngazi ya tano kutoka juu akaniambia, "Maji yakilowesha hii, mto umefika nne kamili, kimbia ofisini." Tangu mwaka wa mafuriko makubwa, miaka ishirini na saba iliyopita, maji hayajafika karibu na hapo, hata nikaisahau.

Asubuhi ya leo ngazi ya tano ilikuwa imelowa. Nikasoma nguzo mara tatu: tatu na kumi. Nikasema labda ngazi zimezama. Mawe nayo huzama, udongo ukilainika.

Nimeingiza 3.10. Kijani.

7 Aprili
Mto 3.15.

Jioni nilimsimulia mke wangu habari ya ngazi, kama jambo la kuchekesha. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha mkono.

"Tatu na kumi hiyo ni ya nguzo au ya mashine?"

Nikafungua mdomo niseme ni moja, kisha sijui kwa nini, nikasema, "Mama, hebu nieleze. Tofauti yake nini?"

"Mwezi mzima huu nakuuliza, leo ndiyo unataka kujua?" Akasukuma ungo pembeni. "Baada ya mafuriko nguzo ya zamani si ilivunjika? Mkaweka mpya. Wewe mwenyewe ulishika koleo."

Nikasema nakumbuka, tuliisimika juu ya zege la daraja jipya.

"Juu ya zege. Si pale chini ilipokuwa ya kwanza, kwa sababu pale pamejaa tope. Sasa nguzo ikisimama juu zaidi, namba zake zinasomaje?"

Zinasoma kidogo. Hata mtoto angejibu. Maji ni yaleyale lakini nguzo imepanda, kwa hiyo inaonyesha kidogo.

"Ndiyo hivyo. Mkubwa wa wakati ule alitaka nguzo ing'olewe isimikwe upya. Nikamwambia hakuna haja ya kuhangaika kwenye tope, mashine itaongeza. Nikaandika ndani ya programu: kila namba itakayoingia, iongezewe tofauti. Wewe ulikuwa unachapa ya nguzo, mashine inahifadhi ya mto."

Nilichapa kwenye mashine ile miaka kumi na minane. Ukimaliza kuchapa inakuandikia IMEPOKELEWA, na mimi nainuka nakwenda kunywa chai. Sikuwahi kuuliza imepokea nini.

Nikamwuliza, "Ilikuwa inaongeza ngapi, Mama?"

Mke wangu akaja akakaa karibu yake. "Sikumbuki," akasema. "Sitini? Themanini? Sitaki kukudanganya. Kichwa changu hiki si cha kuweka namba, ndiyo maana niliandika."

8 Aprili
Mto 3.21. Yaani nguzo 3.21. Mto sijui.

Nilimkabili Mkuu saa mbili asubuhi, maneno yakitoka vipande vipande. Alinisikiliza, hilo siwezi kumnyima. Kisha akauliza, "Mzee, una karatasi yoyote?" Sina. Madaftari yangu ya miaka ile yaliliwa na mchwa stoo. "Una mtu mwingine anayejua?" Mkubwa wa wakati ule alishafariki. "Basi una ngazi iliyolowa na bibi asiyekumbuka namba. Nikipiga simu makao makuu na hayo watanicheka. Waliohamisha data walikuwa wataalamu."

Wataalamu wenyewe niliwapikia chai miaka tisa iliyopita. Walikuja wawili, wakachomeka waya, wakachukua namba zote za nyuma, saa sita wakawa wameondoka. Namba walichukua. Programu hawakuifungua hata dakika moja. Nani angewaambia, wakati Mama alishastaafu na mimi nilikuwa natafuta sukari?

Nikajikuta nimesimama dirishani. Kama mashine ilikuwa inaongeza, na mfumo mpya hauongezi, basi mto haukupungua hata kidogo. Mstari ule ulishuka siku mfumo mpya ulipowekwa, si mto. Na mimi nikamwambia shemeji yangu jenga. Nikaenda kukaa nje.

Mchana nilikwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Nilikuta mashine ipo, ameiweka chini ya turubai na yeye mwenyewe ameikalia akila muhogo. Nikamwambia naihitaji. Akasema mzigo wake umeshapimwa na lori linakuja kesho, hawezi kupunguza hata kilo. Kama naitaka nilete uzito uleule. Kilo kwa kilo! Nikashuka kwenye baiskeli yangu nikaiweka kwenye mizani. Haikutosha. Nikarudi nyumbani kwa miguu nikachukua pasi ya mkaa ya mke wangu na kinu kibovu cha kusagia. Mizani ikalala sawa. Mke wangu hajui habari ya pasi.

9 Aprili
Nguzo 3.24. Nimekwenda darajani kwa miguu, dakika hamsini.

Fundi alitwaa mashine akaifungua kwenye karakana yake. Mama alikaa kwenye kiti pembeni akimwelekeza, mara anamgombeza. "Polepole, hiyo si redio." "Mama, na mimi ni fundi." "Fundi wa redio." Kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya umeme, zilikuwa zimevimba. Akazing'oa, akatafuta nyingine ndani ya televisheni mbovu. Diski ya ndani, anasema, haijalowa, lakini ni ya zamani sana na ikikwama imekwama.

Nilisimama mlangoni nikiangalia nyanya za watoto. Bado sijamwambia Fundi kwa nini tunaitaka. Nimemwambia ni kazi ya ofisi. Nimeona aibu.

10 Aprili
Nguzo 3.31.

Saa nne asubuhi Fundi aliwasha. Kwanza harufu ya vumbi linaloungua, kisha mlio, kisha kimya. Akaizima, akapuliza, akaiwasha tena. Mara ya tatu diski ikaanza kuzunguka kwa sauti nilizozijua, kama mtu anayekwaruza sufuria, na kioo kikaleta herufi za kijani.

Mama akasogeza kiti. Mikono yake hutetemeka akishika kikombe, lakini kwenye vile vitufe haikutetemeka. Alichapa maneno mawili, akabonyeza, programu ikaanza kupanda kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Alikuwa anaisoma kwa midomo. Akaisimamisha.

"Haya. Someni wenyewe, msije mkasema bibi kazeeka."

Nilinakili kama ilivyo:

NGUZO IMEHAMISHWA MWEZI WA TISA. MGUU WA NGUZO MPYA UKO JUU YA ULE WA ZAMANI KWA SM 90. KWA HIYO ONGEZA 0.90 KILA MARA. USIUFUTE MSTARI HUU BILA KUNIULIZA.

"Na hawakuniuliza," akasema Mama.

Fundi alikuwa bado anatabasamu kwa sababu mashine imewaka. Kisha akanitazama. Yeye si mjinga, alikwishaanza kujumlisha. "Tatu na thelathini na moja ongeza tisini. Nne na ishirini na moja. Shemeji, hatari si nne na nusu?"

Nikasema ndiyo.

"Na ule mchoro ulionionyesha?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwambia jenga, na nilimwambia kwa kujiamini kabisa, nikiwa nimeegemea kiti. Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Aliweka bisibisi mezani, akaita watoto wake waingie ndani waanze kukusanya vitabu vya shule.

Mama alikuwa bado anatazama kioo. Kasema, bila kumwambia mtu hasa, "Watu wanadhani kompyuta ni kile chombo. Ni mtu aliyekaa hapa akawaza, akaandika alichowaza. Ukitupa bila kusoma, umemtupa yule mtu na shida aliyokwisha kuitatua."

Nilimsikiliza. Mara ya kwanza, nadhani, kwa miaka ishirini.

11 Aprili
Nguzo 3.47. Mto 4.37.

Siku ndefu. Nimechoka lakini naandika.

Jana jioni Mkuu alikuwa makao makuu. Leo saa moja na nusu tulimleta karakanani, mimi na Mama, maana mashine tuliogopa kuihamisha. Alifika na viatu vyake vimejaa tope. Akasoma ule mstari mara mbili. Akamwomba Mama amwonyeshe ulivyokuwa unafanya kazi. Mama akachapa tarehe ya leo, kisha 3.47. Mashine ikaandika IMEPOKELEWA. Kisha akaifungua kumbukumbu yenyewe, na pale kwenye tarehe ya leo pakasomeka 4.37.

Mkuu akauliza maswali ya maana, ambayo mimi sikuwa nimeyafikiria. Kwamba labda marekebisho mengine yaliandikwa baadaye? Mama akamwonyesha hakuna. Kwamba kipimo cha mwaka wa mafuriko ni cha nguzo ya kwanza? Mama akasema ndiyo, 5.05, na alama za hatari ziliwekwa kwa kipimo hicho. Kijana akakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Kwa hiyo alama ni za nguzo ya zamani," akasema, "na sisi tunaingiza za nguzo mpya."

"Miaka tisa," nikasema.

Alipiga simu makao makuu mbele yetu, ameweka sauti kubwa. Mtu wa huko alisema mfumo wao unaonyesha kijani, hawezi kutoa onyo kwa kijani, na hiyo mashine anayoizungumzia haimo hata kwenye orodha ya mali za kituo. Mkuu akasema najua haimo, niliiondoa mimi. Yule mtu akasema subirini, suala litapelekwa kwenye kikao cha Jumatatu. Leo ni Ijumaa.

Nilitegemea atakata simu aseme tusubiri. Nilishamwandalia maneno makali mdomoni. Badala yake akaniomba karatasi, na karatasi iliyokuwepo ilikuwa ya kufungia vipuri. Akaandika amri ya kuhamisha watu wa bondeni, akatia saini kwa jina lake na cheo chake. "Wakiniuliza," akasema, "nitasema nimeamini kompyuta. Sitasema ipi."

Nilicheka, naye akacheka. Nilimdharau kijana huyu tangu siku aliyofika. Naandika hapa kwamba nilikosea.

Kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja jioni gari la ofisi lilizunguka bondeni na kipaza sauti. Wengine walitoka mara moja. Wengine walitucheka: jua lilikuwa limechomoza, la kwanza kwa wiki mbili. Mwanamke mmoja anayeuza mkaa alisimama mbele ya gari akaniuliza, "Si ninyi mliosema mto umekauka?" Nikashuka. Nikamweleza habari ya nguzo, pale pale njiani, nikichora kwa kijiti kwenye tope: hapa ya kwanza, hapa ya pili. Akatazama mchoro, akanitazama. "Mlikosea miaka yote hiyo?" Tulikosea, mama. Akaenda kufunga mizigo. Baada ya hapo nikaacha kipaza sauti nikawa nachora kwenye kila mlango.

Fundi alihamisha kwanza mashine, akaifunika kwa blanketi la kitandani kwake. Kisha ndiyo akahamisha vitanda. Wako kwetu sasa, tumebanana katika vyumba vitatu. Mama amelala na wajukuu.

12 Aprili
Nguzo 3.66. Mto 4.56. Mfumo: kijani. Maji yameingia nyumba za kwanza, zile za ukingoni, saa tano asubuhi.

13 Aprili
Nguzo 4.02. Mto 4.92.

Leo mfumo umegeuka njano. Tahadhari. Ulipogeuka maji yalikuwa kwenye madirisha ya Fundi.

Nilikwenda naye mpaka pale mtu anapoweza kusimama. Karakana imekwenda na maji, na bustani. Paa na kuta bado. Hakuna mtu hata mmoja aliyebaki bondeni, tumehesabu mara tatu shuleni walikolala, nyumba kwa nyumba. Fundi alitazama. Nilitaka kusema samahani. Akanishika bega akasema, "Twende, shemeji. Watoto hawajala."

14 Aprili
Nguzo 3.80. Mto 4.70. Unashuka.

15 Aprili
Nguzo 3.41. Mto 4.31. Mke wangu ameuliza pasi yake iko wapi.

22 Aprili
Nguzo 2.70. Mto 3.60.

Watu wawili wa makao makuu wamekuja kurekebisha mfumo. Vijana wazuri, wana haraka. Walichapa mahali fulani, ule mstari wa mchoro wa miaka tisa ukainuka wote kwa pamoja ukalingana na wa zamani. Ukiutazama sasa huwezi kujua kwamba mto wetu uliwahi "kupungua". Niliwapikia chai tena, lakini safari hii nilisimama nyuma yao.

Nyumbani Mama akauliza, "Wameandika sababu?"

Sikujua. Kesho nitaangalia.

23 Aprili
Nguzo 2.64. Mto 3.54.

Hawakuandika. Wameweka 0.90 na tarehe, basi. Nikawapigia simu. Kijana mmoja akasema kwa adabu kwamba pale pana nafasi ya namba tu, maneno hayaingii. Nikamwambia mashine ya mama mkwe wangu ilikuwa ndogo kuliko picha moja ya simu, na maneno yaliingia. Akasema atalifikisha.

Nimemweleza Mkuu. Mchana nikamkuta stoo amevua shati, anasogeza mabomba yake kwenye kona moja. Kwenye kona nyingine ameweka meza na kiti, na juu ya meza mashine. Amechapa karatasi akaibandika ukutani, ule mstari wa Mama neno kwa neno, mpaka lile la bila kuniuliza. Chini yake ameongeza kwa kalamu: Anapatikana kwa Baba Mapacha.

9 Mei
Nguzo 1.71. Mto 2.61. Nimepaka rangi kwenye zege la daraja, herufi za urefu wa kiganja: ONGEZA SM 90. Wapita njia wananiuliza ongeza kwenye nini, nawaeleza.

Na Mkuu ameniruhusu daftari la ofisi. Kasema, "Andika tu, Mzee. Mara mbili, hata mara tatu."

17 Mei
Nguzo 1.60. Mto 2.50. Jua.

Paa la Mama limeshatengenezwa, lakini hakuna aliyesema lolote kuhusu kuhama. Mimi sijasema. Siku hizi navaa singlendi yangu tu, naye hajali.

Asubuhi Fundi alikuja ofisini. Anazunguka akitafuta kiwanja kwingine na amepata kimoja nyuma ya soko, juu ya mteremko. Alisimama mlangoni palepale aliposimama miaka sita iliyopita, kofia mkononi. Sikutegemea angekuja kuniuliza mimi.

"Shemeji," akasema, "pale panajengeka?"

Mfumo ulikuwa wazi mbele yangu, mchoro umenyooka, rangi ya kijani. Niliuzima. Nikachukua funguo za stoo, nikamwambia abebe kiti, twende kwenye mashine ya Mama tukaanze na mstari wa kwanza wa programu.